Barua kwa vijana mnaoandika mauzo ya albamu kwenye Wikipedia

Wanangu mnaohariri Wikipedia ya Kiswahili,

Salamu nyingi. Kazi yenu naisoma mara kwa mara, na inanifurahisha sana kuona vijana wakijitolea kuandika habari za muziki kwa Kiswahili bila kulipwa hata senti. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Nakuta makala inasema albamu fulani imeuza mamilioni ya nakala, lakini hakuna tanbihi, hakuna mwaka, wala haijulikani ni mauzo ya nchi gani. Kabla ya kuweka tarakimu, jiulizeni: nani alihesabu, alihesabu nini, na hadi lini? Mkikosa majibu, tarakimu hiyo iacheni.

Tuchukue Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka mwishoni mwa 1982. Kuna wanaoandika milioni 65, wengine 70, wengine zaidi ya 100. Hakuna daftari moja la dunia nzima lililoandika kila nakala tangu siku ya kwanza; kilichopo ni hesabu za nchi moja moja. Kwa Marekani, chama cha kampuni za kurekodi muziki, RIAA, kiliipa platinamu 34 mwaka 2021 (platinamu ni hati ya mauzo; moja huko ni sawa na albamu milioni 1). Basi andikeni hivyo hivyo: Marekani, RIAA, platinamu 34, 2021. Msiseme nakala milioni 34 zilinunuliwa dukani. Tangu Februari 2016 chama hicho hujumlisha pia usikilizaji wa mtandaoni, na nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 huhesabiwa kama albamu moja.

HIStory ya 1995, ya Michael Jackson huyo huyo, inahitaji uangalifu zaidi. Ina diski mbili, na RIAA huhesabu kila diski peke yake. Mwaka 2018 ilifikia platinamu 8. Mhariri mwenye haraka anaona 8 anaandika milioni 8, kumbe hesabu ni ya albamu milioni 4. Anayeweka tarakimu hiyo hana nia mbaya, lakini mwanafunzi atakayeisoma kesho ataibeba kama ilivyo.

Angalieni pia nchi. Platinamu ya albamu Marekani ni milioni 1; Uingereza ni 300,000. Na hati nyingi za zamani zilihesabu nakala zilizopelekwa madukani, wakati SoundScan, mfumo wa Marekani wa kufuatilia mauzo ya muziki, ulianza tarehe 1 Machi 1991 kuhesabu zilizolipiwa kaunta. Hesabu hizo mbili msizijumlishe.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio unaonitia hofu zaidi. Mtu anaweka tarakimu kwenye makala bila chanzo. Mwandishi wa gazeti anaiokota na kuichapa. Baadaye mhariri mwingine, kwa nia njema kabisa, analileta gazeti lile kuwa tanbihi ya tarakimu ile ile. Hapo uvumi umepata cheti. Dawa yake ipo mikononi mwenu: fungueni historia ya makala, tafuteni siku tarakimu ilipoingia kwa mara ya kwanza, kisha tazameni tarehe ya gazeti. Ikiwa makala yetu ilitangulia na gazeti halisemi lilikoitoa hesabu, gazeti hilo si chanzo.

Najua penye ugumu zaidi ni hapa nyumbani, tunapowaandika wasanii tunaowapenda. Enzi za kanda, nakala zilidurufiwa ovyo, Kariakoo na River Road, na wasanii wengi walilalamika kwamba hawajui msambazaji ametoa nakala ngapi. Ikiwa mwenye wimbo hakujua, sisi tutajuaje? Msambazaji akiliambia gazeti kuwa aliuza kanda laki kadhaa, andikeni kwamba ni yeye aliyesema, katika gazeti lipi na tarehe gani. Idadi ya waliotazama YouTube ni habari nyingine; msiiite mauzo. Na pale pasipo na hesabu, andikeni yanayothibitika: studio, mwaka, mtayarishaji, wapiga ala. Makala isiyo na mstari wa mauzo haina aibu yoyote, na msanii hapungukiwi kitu.

Mkiniuliza pa kuanzia, anzeni na makala za albamu za Marekani zilizotafsiriwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza. Kuna ambazo tarakimu ilivuka, tanbihi ikabaki kule. Rudini mkaifuate, mfungue kiungo, mkisome wenyewe. Hati za RIAA zinatafutika bure kwenye tovuti yake kwa jina la msanii au albamu, linganisheni. Msipopata kitu, ondoeni tarakimu na mweleze sababu kwenye ukurasa wa majadiliano, kisha mwulizeni kwa adabu aliyeiweka. Huenda anacho kitabu nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwomba namba ya ukurasa.

Ni mimi mzee wenu, msomaji wa kazi zenu.