Barua ya wazi kwa wajukuu na dada wa kazi mnaoshinda na wazee

Marahaba, wajukuu zangu. Marahaba na nyinyi wanangu mnaofanya kazi kwenye nyumba za watu, ambao mchana kutwa mnabaki na mzee wakati wenye nyumba wameshatoka. Nawaandikia nyinyi makusudi. Nasaha za afya ya wazee kila siku wanapewa watoto wao, na watoto wako kazini, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati. Wanatuma pesa na kupiga simu jioni. Anayemwona mzee akishika ukuta ili asianguke ni wewe.

Mimi ni bibi wa miaka 74, niko Tanga, muuguzi mstaafu. Nina jambo moja. Mzee akianguka, msitazame mfupa peke yake, tazameni na akili yake, siku ile na wiki zinazofuata. Na akili yake ikibadilika, ulizeni kama aliwahi kuanguka.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa bao, barazani, kila baada ya swala ya alasiri. Siku moja nikasikia wenzake wanamwambia, "Mzee, si zamu yako." Kesho yake tena, na keshokutwa. Wiki ileile akavaa shati nje ndani, na kandambili yake ya kushoto ikawa inaburuzika. Nikiwa jikoni naisikia inakwaruza sakafu, upande huo mmoja tu. Usiku akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Ndugu wakaja. Mmoja akasema ni uzee, tumshukuru Mungu kwa umri aliompa. Mwingine akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba huyu katupiwa kitu, twende kwa mganga. Mimi niliyefundishwa, niliyelaza wagonjwa zaidi ya miaka 30, nilikubaliana na yule wa kwanza. Sikuuliza swali hata moja.

Aliyetuokoa ni mjukuu wangu, wakati huo ana miaka 11. Alikuwa anapanga vyombo, akasema bila hata kugeuka: "Bibi, babu aliteleza msalani siku ile tunafua mapazia, akagonga kichwa kwenye pipa. Akaniambia nisikwambie." Mapazia tuliyafua kwa ajili ya sikukuu, karibu wiki 4 nyuma.

Hapo nikajua. Ubongo wa mtu mzee hupungua kidogo, ukaacha nafasi kati yake na fuvu, na vile vijishipa vya damu vinavyopita kwenye nafasi hiyo vinakuwa vimevutika. Kichwa kikigongwa, hata si kwa nguvu, kimoja kinaweza kukatika na damu ikavuja polepole kwa wiki 2, 3, hata zaidi, ikaukandamiza ubongo. Nje huenda kusiwe na jeraha wala nundu. Anayekunywa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda yumo hatarini zaidi, na mume wangu alikuwa akinywa aspirini ya moyo. Tulimkimbiza Dar es Salaam, akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT, damu ikaonekana, wakamtoboa tundu dogo kwenye fuvu wakaitoa. Siku ya tatu aliniita kwa jina langu. Akarudi barazani akacheza bao miaka mingine 6 kabla Mungu hajamchukua.

Siwaambii kwamba kila usahaulifu unatibika hivyo. Upo ugonjwa wa demensia, unaokula kumbukumbu taratibu kwa miaka. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanao. Na wenye ugonjwa huu huanguka kuliko wazee wenzao, kwa sababu kutembea ni kazi ya ubongo: kukadiria kimo cha kizingiti, kukumbuka ndoo imewekwa wapi, kuuwahi mwili unapoyumba. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walitembea na wazee 58 huku wakiwaongelesha. Wazee 12 walishindwa kutembea na kuongea kwa pamoja, ikabidi wasimame ndipo wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka.

Jambo hilo mnaweza kulitazama nyumbani bila mashine. Ukimwuliza bibi kitu mkiwa njiani kwenda msalani, naye akasimama kila mara ili akujibu, waambie wakubwa. Na wewe mwenyewe usimwongeleshe anapovuka kizingiti au anaposhuka ngazi. Mwache afike, akae, ndipo mzungumze.

Kubadilika kwa ghafla ni habari nyingine. Mzee aliyekuwa mzima jana, leo anaona watu ambao hawapo, au analala tu na hamjibu mtu, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, au sukari kushuka kwa mwenye kisukari aliyemeza dawa asile. Mwezi wa Ramadhani muwe macho zaidi na hili. Kanda ya Ziwa wako bibi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mimi sina shaka kwamba miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa akili za uzeeni waliokuwa wakisema maneno yasiyoeleweka. Mzee akianza kusema ovyo, usicheke, wala usimtangaze mtaani.

Akianguka, usimvute mkono. Nawaona mnavyofanya, kwa huruma, lakini unaweza kuung'oa au kuuvunja zaidi mfupa uliokwisha kuvunjika. Kaa naye pale chini. Mwulize alihisi kizunguzungu kabla, au aliteleza tu? Kichwa kimegonga wapi? Tazama miguu: mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, nyonga imevunjika, asinyanyuliwe mpaka waje watu wa kumbeba vizuri. Akiwa salama, mgeuze ubavu, apige magoti, ashike kiti kizito, ainuke mwenyewe huku uko karibu naye. Kisha andika tarehe. Nasema andika, kwa sababu wiki 4 ni nyingi na mtu husahau. Kwa miezi 2 tazama maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi wa mchana usio wa kawaida, mguu au mkono kulegea upande mmoja, maneno kuvurugika.

Dawa nazo. Zikusanye zote kwenye mfuko mmoja, na za kienyeji pia, na siku ya kliniki mfuko uende. Dawa za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazolewesha, huyumbisha miguu na kuchafua kichwa kwa wakati mmoja. Za presha zinaweza kuishusha presha kupita kiasi mtu anaposimama ghafla, kwa hiyo asubuhi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi 60. Usimkatizie dawa kwa uamuzi wako. Daktari ndiye apunguze. Usiku acha taa ya njia ya msalani iwake, na ile kandambili iliyolika soli itupeni leo.

Jambo linaloniuma ni mzee kukalishwa. Akianguka mara moja, anawekewa kiti, anaambiwa tulia hapo bibi, utaanguka tena. Miguu inalegea ndani ya wiki chache, hakuna anayezungumza naye, na akili nayo inafifia. Mazoezi ya kusimama na kuzuia mwili usiyumbe hupunguza kuanguka kwa takriban robo. Aamke kitini bila kushika, mara 5, apumzike, arudie. Asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika meza, nawe uko pembeni. Achambue mchele, amenye vitunguu, akusimulie ukoo wenu. Kama hasikii vizuri au ana mtoto wa jicho, wasumbueni wakubwa mpaka atibiwe, maana asiyeona hujikwaa na asiyesikia huachwa nje ya mazungumzo.

Sasa ile siri. Wazee tunaficha tukianguka. Tunaogopa kunyang'anywa funguo, kuhamishwa kwa watoto mjini, kukatazwa kwenda msikitini au kanisani peke yetu. Kwa hiyo tutakushika mkono na kukwambia usiseme, na wewe umelelewa kumtii mkubwa, na dada wa kazi anaogopa ataambiwa kazembea. Nawaomba wenye nyumba wanaosoma hapa wasimgombeze anayeleta habari hiyo. Na wewe mwanangu, ukiambiwa usiseme, sema. Sema jioni hiyohiyo. Babu akikukasirikia, mwambie umeagizwa na bibi wa Tanga.