Barua ya wazi kwa wastaafu wa Dodoma mnaotaka kuhamia Kupro

Ndugu zangu wastaafu,

Inanikera kuona mtu aliyegombania futi moja ya mpaka wa kiwanja kule Nzuguni leo anamkabidhi kiinua mgongo dalali mwenye picha za fleti na bahari kwenye simu. Fleti zenyewe ziko Kupro ya Kaskazini. Mmeuliza ardhi ile ni ya nani?

Kupro ni kisiwa cha Wagiriki na Waturuki, na jeshi la Uturuki liliingia huko 1974. Wagiriki wa kaskazini wakakimbilia kusini, wakaacha nyumba na mashamba. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza nchi, na hadi leo anayeitambua ni Uturuki peke yake. Basi ukionyeshwa hati, uliza ni ya aina gani. Iliyokuwa ya Mturuki au mgeni kabla ya 1974 ina nafuu. Waliyopewa Waturuki kufidia mali walizoacha kusini ndiyo yenye balaa, maana yuko Mgiriki mwenye hati yake ya zamani, na hajaisamehe. Akina Orams, mke na mume kutoka Uingereza, walijenga Lapithos kwenye ardhi ya namna hiyo. Mgiriki mwenye ardhi akawashtaki kwenye mahakama ya kusini, akashinda. Aprili 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hukumu ile haiwezi kukataliwa Uingereza, walikokuwa na nyumba yao nyingine, nayo ikawa hatarini. Tena tangu 2006, kwa sheria ya kusini, kuuza au kununua ardhi ya mtu bila ridhaa yake ni jinai: kifungo hadi miaka 7.

Wakili aliyeletwa na dalali hawezi kukwambia haya. Tafuta wako, umlipe wewe.

Mengine nayataja tu. Ndege zinapitia Uturuki. Barua zinakwenda kwa anwani ya Mersin 10, Uturuki. Maji mengi huja kwa bomba la chini ya bahari. Lilipokatika Januari 2020, watu walirudia visima kwa miezi. Ubalozi wetu uko Ankara. Kadi ya bima ya afya ya hapa haitibu kule. Na uhakiki wa pensheni ukifika, muhuri wa serikali isiyotambuliwa utampelekea nani?

Lakini lawama si zenu peke yenu. Semina za wastaafu watarajiwa zinafundisha kufuga kuku. Kusoma hati hakuna anayefundisha.

Aliyekwisha toa malipo ya awali asiongeze hata senti kabla wakili wake hajaiona hati. Na tafadhali, mzee wangu, waambie watoto. Usione haya.