Mpango mpya wa Arabuko-Sokoke uanzie msituni, si hotelini

Mhariri,

Mpango wa usimamizi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, uliandikwa utumike kuanzia 2002 hadi 2027. Muda huo unafika ukingoni, na ombi letu kwa watakaoandika mpango mwingine ni moja: wakazi wa vijiji vinavyopakana na msitu waingizwe kwenye kuhesabu, wasiitwe kupigia makofi hesabu iliyokwisha kufungwa.

Mpango wa zamani haukuwa mbaya. Dida, kando ya msitu, ilikuwa imeanza kujaribu usimamizi shirikishi, yaani jamii na serikali kuusimamia msitu pamoja, tangu miaka ya 1990, kabla sheria haijaukubali. Lakini tangu 2002 mengi yamepita. Idara ya Misitu haipo tena. Ilikuja sheria ya 2005, KFS (Huduma ya Misitu Kenya) ikaanza kazi 2007, ikafuata Katiba ya 2010 ambayo ibara yake ya 69 inaitaka Serikali ihimize umma kushiriki katika kusimamia mazingira, kisha serikali za kaunti 2013 na sheria mpya ya misitu 2016. Mpango ulioandikwa kabla ya hayo yote hauwezi kutengenezwa kwa kubadilisha tarehe kwenye jalada.

Kazi ianze kwa kuukagua ule wa zamani, shughuli moja baada ya nyingine: ilifanyika, ilifanyika nusu, au haikuguswa, na kwa nini. Mara nyingi sababu ni mojawapo kati ya mbili. Ama fedha hazikutengwa, ama hakutajwa mtu wa kuifanya. Kurasa mbili za ukaguzi wa namna hiyo zinafaa kuliko kurasa arobaini za kusifu bundi na sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu), ambao sifa zao hazina ubishi.

Halafu vipimo. Arabuko-Sokoke si msitu wa aina moja: kuna miti ya mrihi kwenye mchanga mweupe, kichaka kizito cha miti ya Cynometra kwenye udongo mwekundu, na msitu mchanganyiko wenye miti ya mbambakofi. Kila aina ipimwe peke yake, la sivyo wastani utadanganya. Miti huhesabiwa ndani ya maduara ya mfano yanayopimwa kwa kamba. Duara la nusu kipenyo cha mita 20 lina eneo la hekta 0.126 na linatosha penye mrihi. Kwenye kichaka cha Cynometra kamba ya mita 20 hainyooki, na kipimo kikipinda eneo linakuwa la kubuni. Bora kupunguza hadi mita 10 na kuongeza idadi ya maduara. Kipenyo cha mti kipimwe mita 1.3 kutoka ardhini, na mti uliogawanyika chini ya hapo kila shina lihesabiwe peke yake. Ndani ya kila duara liwekwe duara dogo la nusu kipenyo cha mita 5 la kuhesabu miche, kwa sababu msitu wenye miti mikubwa bila miche ni msitu unaozeeka bila warithi.

Visiki ndivyo vinavyosema ukweli zaidi. Timu ikitembea mstari wa kilomita moja ikihesabu visiki mita tano kila upande, hiyo ni hekta moja kamili. Kila kisiki kiandikwe aina yake, unene, kibichi au kikavu, na kama kimekatwa kwa panga, shoka au msumeno. Hapo ndipo wenyeji wanapowapita wataalamu: mzee wa Jilore, kando ya msitu, hana haja ya jani kukwambia kisiki ni cha muhuhu, mti wa mbao ngumu, harufu ya mbao inamtosha. Kisiki chembamba cha fito na kisiki cha muhuhu cha msumeno ni makosa mawili tofauti. La kwanza linatatuliwa kwa kupanda miti ya mvinje shambani, la pili ni biashara na linataka doria. Makosa ya kawaida ya zoezi hili yanajulikana: timu kufuata njia iliyopo badala ya dira, na kuhesabu kisiki kilekile mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kila kilichohesabiwa kipakwe rangi, na mistari irudiwe palepale kila miezi sita.

Kuni zinahitaji hesabu, na hapa mipango mingi huandika tu kwamba "jamii itaruhusiwa kuokota kuni kavu". Kiasi gani? Tuseme, kwa mfano tu, wanawake 200 wana kibali, kila mmoja anatoka na mzigo wa kilo 20 mara mbili kwa wiki. Hizo ni tani 416 kwa mwaka. Vipimo vikionyesha kwamba eneo lililotengwa haliangushi kuni kavu nyingi kiasi hicho, basi kibali kinawafundisha watu kukata mti leo ili ukauke kesho. Afadhali kupanua eneo, au kupunguza siku, na kulisema hilo waziwazi mbele ya wanawake wenyewe.

Kuhusu mikutano, orodha ya waliohudhuria na kupewa soda haithibitishi ushirikishwaji. Baraza moja la chifu husikiza sauti tatu, za wanaume, za waliozoea kusema. Wafuga nyuki, waokota kuni, waganga wa mitishamba na wakulima wa vipepeo wanaouza kupitia Mradi wa Kipepeo wakae mbalimbali kwanza, kila kundi lichore ramani yake chini kwa majivu na vijiti, kisha ramani zipandishwe pamoja. Zinapogongana ndipo pa kujadili. Taarifa itoke wiki mbili kabla, na isiwe Aprili wala Mei ambapo kila mtu yuko shambani.

Uzio wa umeme wa kuzuia ndovu nao usiachwe kwenye sentensi moja. Nyasi zikigusa waya, umeme unavujia ardhini na ndovu wanatoka kama kwamba hakuna kitu. Mpango useme nani anafyeka, mara ngapi, na analipwa na nani.

Mipaka ya msitu haitoshi tena kuwa mipaka ya mpango. Tangu 2013 inajulikana kwamba ndege aitwaye mnana wa Clarke huzaliana kwenye vinamasi vya Dakatcha, nje kabisa ya Arabuko-Sokoke. Ukilinda upande mmoja tu, huyo umempoteza.

Mwisho, mpango si mkataba. Haki za jamii zinaanza kufanya kazi pale chama cha jamii cha misitu kinapotia saini makubaliano na KFS, na makubaliano hayo yana muda wake. Rasimu mbili ziandikwe sambamba, tarehe zake zikiwiana, ili chama kisije kikawa na mpango hai na mkataba uliokufa. Rasimu ya Kiswahili iwekwe kwenye ofisi za machifu, na kila maoni yajibiwe kwa jedwali: yaliyosemwa, yamekubaliwa au yamekataliwa, na sababu.

Wapima misitu wawili,
Malindi