Swaleh, usinunue ule ubao mfupi

Swaleh ndugu yangu,

Salaam aleikum, natumai hapo Malindi nyote wazima. Voisi yako nimeisikiza yote, na nimefurahi mno kusikia umeamua kujifunza kupanda mawimbi, lakini huo ubao jamaa anataka kukuuzia, wa futi sita wenye pua kali, tafadhali sana usiununue. Ndo maana nakuandikia usiku huu huu kabla hujatoa pesa.

Hapa Muizenberg, ufukwe wa karibu na Cape Town, Afrika Kusini, wanaoanza wamejaa, na shule za ufukweni huwapa kitu kimoja tu, ubao wa sponji wa futi nane au tisa. Watu huangalia urefu na rangi, kumbe cha kuuliza kwanza ni lita ngapi, yaani ujazo wa ubao wenyewe, ndo unaoufanya uelee. Huo wa futi sita ni kama lita 30 hivi, na wewe una kilo zako 80, ukiulalia unazama nusu, utapiga mikono mpaka mabega yawake moto na wimbi lipite chini yako likuache hapo hapo. Wa sponji wa futi nane una lita 70 na zaidi, unaelea, unashika wimbi lingali dogo, na ukikurukia hauumizi kama ule wa faiba. Lakini hata huo ukianguka ziba kichwa kwa mikono, na usiuweke kamwe kati yako na wimbi linalokuja.

Ukipata uliotumika, ubonyeze kwa dole gumba kotekote, pale panapobonyea ujue ngozi imeachana na sponji ndani, kisha unyanyue, ukiwa mzito kupita kiasi umeshakunywa maji, achana nao. Kamba ya mguuni iwe na urefu karibu sawa na ubao, na ivute kwa nguvu kabla hujaingia majini, hasa pale velkro inaposhika. Inafungwa mguu wa nyuma, ule unaokaa nyuma ukisimama juu ya ubao. Kama hujui wa nyuma ni upi mwambie mtu akusukume kidogo mgongoni ghafla, ule unaotangulia kukukinga ndo wa mbele.

Wetisuti, lile vazi la mpira la kuzuia baridi majini, usihangaike nayo, hiyo ni yetu huku ambako majira ya baridi maji hushuka mpaka nyuzi 15 hivi. Wewe tafuta fulana ya kubana ya mikono mirefu, jua na ubao vitakuchubua kifua. Na nta ya kupaka juu ya ubao usiteleze, uulize ni ya maji ya joto, ile ya baridi huko kwetu itayeyuka yote.

Unajua nyinyi wa Malindi mna bahati? Sehemu nyingi za pwani yetu wimbi linavunjikia mbali kwenye mwamba, lakini hapo mto Sabaki unamwaga tope baharini, matumbawe hayaoti vizuri, basi ghuba iko wazi na wimbi linafika mpaka kwenye mchanga. Msimu wa kusi ndo wenyewe, Juni mpaka Septemba, nenda alfajiri kabla upepo haujakaza.

Siku za mwanzo baki kwenye povu, yaani wimbi lililokwisha vunjika, maji ya kiunoni, usikimbilie nje. Lala katikati ya ubao, pua iwe juu ya maji vidole vitatu vinne tu, ikizama utapinduka, ikiinuka sana ubao hautembei. Povu likikugusa miguu piga mikono mara mbili tatu zaidi hata ukihisi tayari umelishika, hapo ndo wengi huacha mapema. Kisha viganja chini ya kifua, usishike kingo, sukuma, leta miguu yote kwa pamoja, na macho yatazame ufukweni, ukitazama miguu utaifuata chini.

Hapa kuna watu hukaa mlimani kuangalia papa, kazi hii ilianza 2004, wakimwona wanapiga king'ora na kupandisha bendera nyeupe yenye picha ya papa na sote tunatoka. Huko wavuvi ndo wa kuwauliza, wanajua maji yanavuta wapi na saa ngapi. Ukivutwa usipigane nayo, kaa na ubao wako, kata pembeni sambamba na ufukwe mpaka yakuachie.

Ukipata wa sponji nipigie picha, juu na chini na pale yanapoingia mapezi, yale ya chini nyuma ya ubao, nitumie kabla hujalipa. Nisalimie mama sana.

Nduguyo wa Muizenberg