Rangi ya stensili isikorogwe kwa uji wa muhogo

Ndugu Mhariri,

Siku hizi wapo wanaofundisha batiki kwa stensili za karatasi (karatasi iliyokatwa ua, rangi ikapita kwenye matundu) badala ya nta. Ni jambo jema, maana nta ni ghali na kuitoa kwenye kitambaa ni kazi. Ila kuna elekezo moja linalofanya nguo zichuje mapema: kwamba rangi ikiwa nyepesi ikorogwe kwa uji wa muhogo ili isipenye chini ya karatasi.

Kwa rangi za maji baridi aina ya Procion MX, huko ni kuiua rangi. Rangi hizi hushika pamba kwa kuungana nayo kikemikali, na wanga wa uji umejengwa kwa sukari ileile iliyoijenga pamba. Rangi haichagui. Sehemu kubwa huungana na uji, na siku ya kufua uji ukitoka, hutoka nayo. Unabaki na kitambaa kigumu kilichopauka.

Kinachofaa ni alginati ya sodiamu, unga utokanao na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. (Mwani unaolimwa Zanzibar hautoi alginati, hutoa karajini, kizitishi cha aina nyingine, kwa hiyo kuuchemsha nyumbani hakusaidii.) Katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu yeyusha gramu 100 za yurea, nyunyiza alginati gramu 20 hadi 30 huku ukikoroga, kisha acha hadi kesho yake, mabonge yalainike yenyewe. Kwa kila glasi ya mililita 250 weka rangi gramu 5. Soda huja mwisho, unapokuwa tayari kuchapa: changanya vijiko 4 vya bikaboneti (baking soda) na kijiko 1 cha soda ashi (kaboneti ya sodiamu), na kwa kila glasi tia kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko huo. Ikishatiwa soda rangi huanza kufa ndani ya chombo, kwa hiyo itumike katika muda usiozidi saa 4. Ya jana ni ya kumwaga.

Kitambaa kifuliwe kwanza kwa maji ya moto, sabuni na soda ashi, maana pamba mpya hutoka kiwandani na wanga wake. Choma uzi mmoja pia: ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, kuna poliesta, na rangi hii haitashika.

Stensili ya manila ipakwe vanishi pande zote mbili, mikono miwili. Vishikizo vinavyobeba vipande vya katikati visipungue milimita 3, vinginevyo hukatika ikilowa. Filamu za zamani za eksirei hudumu zaidi. Gonga rangi kwa sponji iliyokamuliwa, wima, bila kuburuza. Ukingo ukivuja, mara nyingi sponji ndiyo iliyolowa mno, na kuongeza uzito wa rangi hakutaponya. Futa mgongo wa stensili kila unapoihamisha.

Kabla kitambaa hakijakauka kabisa, kifunike kwa nailoni na kukikunja, kikae saa 24. Kikikauka mapema, rangi huacha kufanya kazi. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, ongeza siku nyingine au kiweke juani ndani ya nailoni nyeusi. Suuza kwa maji baridi kwanza, kisha ya moto sana yenye sabuni, mpaka maji yatoke safi.

Uji wa muhogo una kazi yake, nayo ni kuzuia rangi isifike kwenye kitambaa. Mafundi wa adire (vitambaa vya maua vya nili) wa Abeokuta, Nigeria, huupitisha kwenye stensili za bati, huuacha ukauke, kisha huchovya kitambaa kwenye nili baridi. Ukiupaka rangi ya Procion juu kwa brashi, tabia ileile ya wanga kunyonya rangi ndiyo inayolinda kitambaa chini yake. Lakini usiutumbukize kwenye pipa la kostiki soda na haidrosulfaiti tunalotumia kwa batiki ya nta: kostiki huuvimbisha na kuuyeyusha, na ua lako linaondoka.

Tunawaomba wauzaji waandike aina ya rangi kwenye pakiti. Pakiti iliyoandikwa “nyekundu” tu haimwambii fundi kama atie soda, kostiki au achemshe.

Mafundi wa batiki,
Morogoro