Sarafu ya Afrika Mashariki isipewe jina la kubuniwa mezani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mama muuza mchele wa Kyela hapa Uyole, Mbeya, na mizigo mingine huipeleka mwenyewe Tunduma, mpakani na Zambia.

Machi 2024 kijana wangu wa dukani alinionyesha kwenye simu noti ya Afrika Mashariki, jina lake eti Sheafra. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakanusha, lakini siku ile tulicheka mpaka mteja akasahau chenji. Aliyebuni ni kama alitwanga shilingi na faranga kwenye kinu kimoja. Kijana akaniuliza, "Sasa Mama, hapo nitamdai mtu sheafra ngapi?"

Sarafu yenyewe bado. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa Kampala Novemba 2013, tukaambiwa 2024, sasa ni 2031. Jina tunaweza kulizungumza mapema, maana jina linaweza kumtia mtu hasara. Mimi lilishanitia.

Zambia walianza kuita fedha yao kwacha mwaka 1968, Malawi wakafuata 1971. Neno ni lile lile, kumekucha. Ila Zambia walifuta sifuri tatu 2013, na leo kwacha moja ya Zambia inanunua makumi ya kwacha za Malawi. Siku moja pale Tunduma, giza limeshaingia, nilipokea noti tano za mia mia nikazifunga kwenye kanga. Asubuhi nazikunjua, naona uso wa mtu. Za Zambia zina ndege, furukombe! Mchele wangu ukawa umeuzwa kwa bei ya chai na maandazi.

Wazungu nao jina liliwatoa jasho. Walikuwa na "ecu", Wafaransa wakaipenda kwa kuwa ni sarafu yao ya kale, Wajerumani wakaikataa. "Euro" ilipitishwa Madrid Desemba 1995, na miezi michache kabla yake mwalimu mmoja wa Ubelgiji alikuwa ameipendekeza kwa barua. Barua tu, Mhariri, kama hii. Afrika Magharibi walikubaliana "eco" Juni 2019. Desemba hiyo hiyo nchi za faranga ya CFA zikatangaza kulichukua jina hilo, na majirani wao wakanuna.

Kwetu, Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia wana shilingi. Rwanda, Burundi na Kongo wana faranga, Sudan Kusini pauni. Ukichagua shilingi, wale wa faranga wataona wamemezwa.

Lakini sikilizeni watu wanavyoongea sokoni. Bibi yangu aliniachia kwenye kopo la chai sarafu ya shaba ya heller 20, imepigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita. Mjerumani kaondoka na heller zake, sisi tumebaki na hela. Madereva wa Lubumbashi wanaonunua mchele kwangu huita fedha makuta, nayo ilikuwa sarafu ndogo ya enzi za Zaire. Waganda wanasema ssente, kutoka senti. Yaani noti kubwa huja na kupita, watu wanashika jina la chenji.

Ningesema hela, ila Wakenya watasema ni ya Watanzania, tutarudi kwenye ugomvi wa ecu. Kura yangu ni pesa. Najua mtanijibu kwamba hilo ni sawa na kumwita mbwa Mbwa. Basi kumbukeni kwamba kabla ya 1904 rupia moja hapa ilikuwa na pesa 64, sarafu ya kushikika mkononi, na hakuna aliyechanganyikiwa. Na ukisema pesa, Mombasa wanakuelewa, Bukavu wanakuelewa.

Kamati ya jina ikiundwa, ije ikae Tunduma Jumamosi moja kabla haijaenda hotelini. Chai nitawauzia mwenyewe, na kwacha napokea, mradi iwe na ndege.

Mama Muuza Mchele,
Uyole, Mbeya