Mkono unaotetemeka si uzee tu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, ambao katika familia nyingi, yangu ikiwamo, huitwa uzee au kurogwa hadi mgonjwa ashindwe kufunga vifungo vya shati. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba wengi wa waliokutwa nao hawakuwa wamewahi kutambuliwa.

Mkono wa mgonjwa hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika pajani kuliko unaposhika kikombe, lakini dalili ya msingi ni mwili kuwa mzito: mwandiko huzidi kuwa mdogo, hatua hufupika, mkono mmoja haupungi wakati wa kutembea, na uso hukosa bashasha. Wapo wasiotetemeka kabisa. Daktari hutegemea kumchunguza mgonjwa na kumuuliza dawa anazotumia, kwa kuwa haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) na metoklopramidi (ya kuzuia kutapika) zinaweza kuleta hali inayofanana na ugonjwa huu.

Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, ikichanganywa na kabidopa inayoisaidia kufika kwenye ubongo, haiponyi, ila hurudisha wepesi, na haifai kuachwa ghafla. Mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha shambani, zina levodopa pia, ingawa kuzisaga nyumbani bila kujua kipimo ni hatari.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni kwamba vidonge vya levodopa na kabidopa vipatikane daima katika hospitali za wilaya, maana mgonjwa anayevimeza mara kadhaa kwa siku hawezi kusafiri hadi mkoani kila vinapoisha.

Msomaji wako,
Moshi